Ukweni kwenye bonde la makaa ya mawe

Mto Tug Fork hautishi mtu. Kiangazi kikikolea kuna sehemu mtoto anavuka kwa miguu na maji hayamfiki kiunoni. Lakini ndio mpaka wa majimbo mawili ya Marekani: huku West Virginia, kaunti ya Mingo, ng'ambo Kentucky, kaunti ya Pike. Mume wangu kazaliwa upande wa Kentucky, wifi yangu kaolewa West Virginia, makaburi ya ukoo yako pande zote mbili. Mimi mwenyewe kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani inanivusha daraja la Williamson kila leo, na aliyekuwa anaujua mpaka kuliko sisi sote alikuwa cheti changu: nilichosomea upande mmoja ilibidi nikaombee upya kutambuliwa upande wa pili, wakati mgonjwa wa huku na mgonjwa wa kule ni ndugu wa baba mmoja.

Mimi ni mtu wa Kyela. Nimekulia karibu na Kasumulu, ambako mto Songwe unatutenganisha na Malawi, kwa hiyo habari ya ukoo mmoja kuwa chini ya serikali mbili haikunishangaza. Hata makaa ya mawe hayakuwa mageni, maana Kiwira si mbali na kwetu. Ila kwangu makaa yalikuwa ni malori yanayopita. Sikuwahi kukaa meza moja na mtu aliyeyavuta kifuani ujana wake wote.

Mume wangu nilimkuta Columbus, Ohio. Mji ule umejaa watu wa mabonde haya. Kwa miongo mingi, mgodi ukifungwa, watu walikuwa wanapakia vitu kwenye gari na kushika barabara namba 23 kwenda kaskazini: wengine wakaishia Columbus, wengine Detroit kwenye viwanda vya magari. Mwaka 1950 Mingo ilikuwa na watu kama 47,000. Sensa ya 2020 ilikuta hawafiki 24,000. Mume wangu, fundi umeme, alikuwa mmoja wa walioondoka na aliapa kwamba kurudi ni Krismasi tu. Tulirudi moja kwa moja baba yake alipoanza kusimama katikati ya ngazi za kibaraza, akijifanya anaangalia hali ya hewa.

Huku bibi na babu wanaitwa Mamaw na Papaw, na wakwe nao wanafuata wajukuu, basi na mimi nitawaita hivyo. Siku ya kwanza Mamaw hakuniuliza Afrika kuna nini. Aliniuliza, "Watu wako ni akina nani?" Nikamwambia baba yangu ni nani, babu yangu alitoka kijiji gani, upande wa mama ni wa ukoo upi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akanisogezea sahani. Sitasema kila mtu bondeni alinipokea hivyo. Nimeangaliwa dukani kwa macho ambayo hayahitaji maelezo. Lakini ndani ya nyumba ile swali lilikuwa limeshajibiwa.

Jambo la kwanza unalojifunza ukiolewa kwenye ukoo wa wachimbaji ni kwamba saa ya nyumbani si yako. Nilijifunzia kwa wifi, maana mumewe bado anashuka. Mgodi una zamu ya mchana, ya jioni, na ya usiku ambayo wao wanaiita zamu ya bundi. Akiwa zamu ya bundi, watoto wanacheza kimya asubuhi, pazia la chumbani limepigiliwa misumari, simu inawekwa ndani ya droo. Siku ya kuzaliwa ya mtoto inasherehekewa siku ambayo baba yupo, iwe imefika au imepita. Ibada ya Jumapili nusu ya wanaume wanasinzia na mchungaji hawasemi, kwa sababu na yeye alikuwa mchimbaji.

Nguo za mgodini hazichanganywi na nyingine. Wifi ana mashine mbili za kufulia. Ile kuukuu iko barazani, na kabla ya kuijaza anakung'uta kila suruali kwenye ukingo mpaka changarawe ziishe mfukoni. Kuna vumbi la aina mbili. Jeusi ni makaa. La kijivu ni unga wa chokaa unaomwagwa kwenye kuta na sakafu za mgodi ili vumbi la makaa lisishike moto na kulipuka. Nguo zikirudi nyeusi tupu siku nyingi mfululizo, mke mwenye akili anaanza kuuliza kwa nini chokaa haimwagwi. Wifi aliuliza. Aliambiwa apunguze maswali. Hakupunguza.

Mwanaume mwenyewe akitoka kuoga uso unakuwa mweupe, ila kwenye kope mstari mweusi unabaki kama wanja. Mwanzoni nilidhani shemeji anajiremba.

Halafu kuna ndoo ya chakula. Ni ya alumini, ya duara, yenye sehemu mbili au tatu zinazokaa juu ya nyingine, na ile ya chini kabisa inajazwa maji. Si maji ya kunywa na mkate tu. Ni maji ya mtu aliyefukiwa anayesubiri kuokolewa. Watoto hawaambiwi hivyo. Wanachojua ni kwamba baba akirudi, juu ya ndoo kutakuwa na kipande cha keki au biskuti ambayo "ilimshinda", na wanagombea nani afungue. Hakuna keki iliyowahi kumshinda shemeji. Wifi anaweka mbili akijua moja itarudi. Kila nyumba inafanya hivyo na kila mtoto anaamini ni kwao tu.

Wasiwasi hausemwi kwa maneno. Mwaka 2010, Jumatatu ya baada ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, mgodi wa Upper Big Branch kule kaunti ya Raleigh ulilipuka na kuua watu 29. Wifi alikuwa ameolewa muda si mrefu, na mumewe hakuwa anafanya kazi huko, hata karibu hakuwa. Anasema alisikia habari akiwa anaosha vyombo, akamaliza kuosha, akaviosha tena. Mumewe alipoingia wakala bila kuongea. Asubuhi yake alirudi kazini. Mimi nilimuuliza ilikuwaje hakumzuia. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Mkopo wa nyumba ulikuwa haujalipwa, na kazi nyingine yenye mshahara ule haipo kwa mwendo wa saa mbili kwa gari.

Kuhusu pesa, watu wa nje wanakosea pande zote mbili. Wengine wanadhani wachimbaji ni fukara. Wengine, wakiona magari makubwa mapya yamepangwa nje ya mgodi, wanadhani ni matajiri wasio na akili. Mshahara ni mzuri kweli. Kijana aliyemaliza sekondari tu anaweza kumzidi mwalimu wake. Ila hauna uhakika. Makaa mengi ya huku ni ya kuyeyushia chuma, yanapakiwa kwenye treni ya Norfolk Southern pale chini, yanakwenda bandari ya Norfolk na kuvuka bahari. Viwanda vya chuma vya ng'ambo vikipunguza moto, wifi anajua kabla ya mumewe kuambiwa, kwa sababu anasikia treni zimepungua usiku. Mwaka 2019 tuliona kwenye televisheni wachimbaji wa Harlan, Kentucky, wamekaa kwenye reli wakizuia treni ya makaa baada ya kampuni ya Blackjewel kufilisika na hundi za mishahara kugonga mwamba benki. Pale nyumbani hakuna aliyeshtuka. Papaw alisema tu kwamba wamechelewa, walitakiwa kukaa pale tangu hundi ya kwanza.

Sheria ya Mamaw ni kwamba pesa ya makaa inajenga, hailishi. Chakula kinatoka bustanini: maharage, mahindi, viazi, nyanya. Mwisho wa kiangazi jikoni kunakuwa na joto la tanuri, chupa za kioo zinachemshwa kwa mamia, na maharage mabichi mengine yanatungwa kwenye uzi kama shanga na kuanikwa barazani. Aprili wanapanda mlimani kuchimba vitunguu pori vyenye harufu inayokaa mwilini siku tatu. Chakula cha kila siku ni maharage ya kuchemshwa na mkate wa unga wa mahindi, na siku nilipopika ugali Mamaw aliuonja, akauliza kwa nini sijauweka kwenye oveni ukaiva vizuri.

Wageni siku hizi wanakuja kwa ajili ya ugomvi wa Hatfield na McCoy. Ni kweli ulitokea hapa hapa mtoni: Hatfield wengi upande wa West Virginia, McCoy wengi Kentucky. Mwaka 1878 walishtakiana kwa ajili ya nguruwe, na Agosti 1882 vijana watatu wa McCoy walifungwa kamba vichakani upande wa Kentucky na kupigwa risasi kulipiza kisasi cha mdogo wa kiongozi wa Hatfield. Kuna fulana, kuna vikombe, kuna njia za milimani za pikipiki za magurudumu manne zenye majina ya koo hizo mbili, na vijana waliokosa mgodi wanapata riziki kwa kuwapokea hao wageni. Sina ubaya na riziki ya mtu. Lakini naona dunia imechagua kukumbuka hadithi inayowafanya watu hawa waonekane wakali kwa asili, na imesahau ile iliyokuja baadaye, ambayo Papaw alikuwa anaisimulia bila kuulizwa.

Hiyo ni ya Matewan, 1920. Wakati huo nyumba ilikuwa ya kampuni, duka la kampuni, hata pesa za kununulia humo zilitengenezwa na kampuni. Ukijiunga na chama cha wafanyakazi ulipoteza kazi na nyumba siku moja. Tarehe 19 Mei askari wa kukodi wa kampuni ya Baldwin-Felts walishuka kwenye treni, wakatoa vyombo vya familia za wachimbaji nje huku mvua inanyunya, vitanda na watoto, kisha wakarudi stesheni kungoja treni ya jioni. Mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, alisimama upande wa wachimbaji. Meya Cabell Testerman vilevile. Risasi zilipoisha walikuwa wamekufa watu kumi: askari saba wa kukodi, wachimbaji wawili na meya. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti, Sid Hatfield alipigwa risasi kwenye ngazi za mahakama ya Welch akiwa na mkewe pembeni, hana silaha. Mwisho wa mwezi huo wachimbaji kama 10,000 walikuwa wanaandamana na bunduki kuelekea mlima Blair.

Bibi yake Papaw alikuwa mtoto mdogo kwenye mahema ya waliofukuzwa, kando ya mto huu. Alichomsimulia mjukuu hakikuwa bunduki. Ni kwamba majira ya baridi ndani ya hema wazungu wa milimani, Wataliano na watu weusi waliotoka Alabama walikuwa wanapika sufuria moja, kwa sababu kuni zilikuwa hazitoshi moto tatu. Papaw alipenda kunisimulia hilo mimi hasa. Sikumuuliza sababu.

Nimefika kwa Papaw mwenyewe sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza kitu cha kumwambia mtu yeyote mwenye ndugu mgodini, awe Mingo au Mbinga.

Alianza 1974, akiwa na miaka 18, wakati bei ya mafuta duniani imepanda na kila mlima unatafuta wachimbaji. Kazi yake ilikuwa kufunga paa: mashine inatoboa mwamba wa juu, kisha nondo ndefu zinakazwa ndani ili paa lisidondoke juu ya wengine. Maana yake ni kwamba yeye hakuwa anavuta vumbi la makaa peke yake. Alikuwa anavuta vumbi la mwamba, lenye madini ya silika, ambalo linakata mapafu vibaya zaidi. Matabaka manene ya makaa yalishachimbwa na mababu. Yaliyobaki mengi ni membamba, mtu anafanya kazi kwa magoti, na ili mashine ipite lazima ikate mwamba juu na chini. Ndiyo sababu ugonjwa wa mapafu meusi, ambao watu walidhani sheria ya 1969 ya afya na usalama migodini ingeumaliza, umerudi na unawakuta wanaume wa miaka 40. Mwaka 2018 watafiti wa serikali waliripoti wagonjwa 416 wa hatua mbaya kabisa, kwenye kliniki tatu tu za kusini magharibi mwa Virginia, milima ya jirani na hapa.

Papaw aliachishwa miaka ya 80, akaenda Ohio, akarudi, akafanyia makampuni madogo ambayo jina lilibadilika huku geti ni lile lile. Alipoanza kuishiwa pumzi aliita ni uzee. Halafu akaita ni kifua. Mwisho alikuwa analala amekaa kwenye kiti, na mashine ya oksijeni ikiunguruma usiku kucha, na bomba refu la plastiki linalomfuata mpaka jikoni, sisi tukijifunza kuliruka bila kuangalia. Wakati wa barafu umeme ulipokatika, mume wangu alikuwa anahesabu mitungi kwa tochi na kupiga hesabu ya saa.

Tuliomba fidia ya serikali kuu ya ugonjwa wa mapafu meusi. Sikujua kwamba kuna kazi ngumu kuliko mgodi, nayo ni kuuthibitisha mgodi. Kampuni ya mwisho iliyomwajiri mwaka mzima au zaidi ndiyo inayodaiwa, na ina mawakili na madaktari wake. Daktari wao alisema ni sigara. Papaw alivuta sigara ujanani, hakukataa. Lakini sheria ina kipengele kinachomsaidia mtu: akithibitisha miaka 15 au zaidi chini ya ardhi na mapafu yaliyomshinda kazi, inachukuliwa kwamba ni mgodi uliomuumiza, na kampuni ndiyo ihangaike kuthibitisha kinyume. Kipengele hicho kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 80 na kurudishwa 2010, kwa juhudi za seneta Robert Byrd wa West Virginia. Watu wa huku bado wanamtaja kama mjomba.

Kampuni ilihesabu miaka 13.

Tofauti ilitokana na hayo makampuni madogo. Rekodi za hifadhi ya jamii zinaonyesha nani alikulipa; hazisemi kama ulikuwa chini unatoboa paa au juu unaendesha lori. Wenye makampuni wamekufa au wamehama, mafaili yametupwa. Hapo ndipo Mamaw aliponyanyuka, akapanda ngazi ya dari, akashuka na bati kubwa la biskuti.

Ili kuelewa bati hilo lazima ujue mafuriko. Aprili 1977 Tug Fork ulijaa, ukazoa Matewan, ukazoa Williamson, ukazoa na nyumba ya Mamaw na Papaw waliyokuwa wamemaliza kuipaka rangi. Baadaye serikali ilijenga kuta za zege kuzuia maji kwenye miji hiyo. Ya Matewan imechongwa historia ya mji, ya Williamson ina mageti yanayofungwa mto ukipanda. Mabonde madogo hayakupata ukuta. Mamaw alipoteza picha za harusi, cheti cha ndoa, na karatasi zote za mishahara ya miaka ya mwanzo. Kuanzia hapo kila karatasi ya mshahara iliyoingia nyumbani ilikwenda darini ndani ya bati. Na nyuma ya kila moja, kwa penseli, aliandika kwa mkono wake mdogo ulionyooka: "paa, zamu ya bundi, bonde la tatu." "Paa, maji magotini." "Vumbi jingi, amekohoa." Hakuwa anajiandaa kwa kesi. Anasema alikuwa anaandika kwa sababu mumewe hasemi, na yeye alitaka kujua mtu anayelala naye amekuwa wapi.

Wakili aliyekubali kesi yetu, na si wengi wanaokubali, kwa kuwa sheria haiwaruhusu kumtoza mgonjwa na wanalipwa wakishinda tu, alizipanga karatasi zile mezani siku nzima. Miaka ilipita 15 bila kutafuta. Uamuzi ulichukua muda mrefu, rufaa zikafuata, lakini Papaw aliuona kwa macho yake. Pesa si nyingi: mwaka 2024 kiwango cha mtu asiye na mtegemezi hakikufika dola 800 kwa mwezi. Kikubwa ni kwamba matibabu ya mapafu yanalipiwa, na mchimbaji aliyekuwa analipwa akifa, mjane anaendelea bila kuanza kesi upya. Mamaw sasa analipwa hivyo.

Nimeshawaambia ndugu zangu nyumbani: kama kaka yako yuko mgodini, weka karatasi. Mkataba, hati za mshahara, vyeti vya hospitali, kitambulisho cha kazi hata kikiisha muda. Andika alikuwa sehemu gani na anafanya nini. Mgonjwa hana nguvu ya kutafuta, na mwajiri hana sababu.

Kuna jambo jingine siwezi kuliruka, ingawa silipendi. Mgongo wa mtu anayefanya kazi kwa magoti unauma, na miaka ya 2000 dawa kali za maumivu zilimwagwa huku kama mchanga. Uchunguzi wa bunge la Marekani ulikuta kwamba maduka mawili ya dawa ya Williamson, mji wa watu wasiofika 3,500, yaliletewa vidonge karibu milioni 21 ndani ya miaka kama kumi. Milioni, si elfu. Hakuna ukoo ambao haukuguswa. Kwetu ndiyo maana Mamaw, mwenye vitukuu, bado anapeleka mtoto wa darasa la pili kwenye kituo cha basi la shule kila asubuhi. Mama wa mtoto yupo hai na anakuja siku za sikukuu. Sitaongeza hapo.

Mwaka huu mtoto wa wifi amesema anataka kushuka. Ana miaka 19. Tulikuwa mezani wote. Mama yake aliinuka akaenda kusimama barazani. Baba yake alitazama sahani, kwa sababu atamkatazaje kazi iliyomlea? Mume wangu alianza hotuba ya ufundi umeme na Columbus, kijana akamkatiza kwa heshima: Columbus hakuna milima, na kodi ya nyumba inameza mshahara.

Mamaw hakumkataza. Aliuliza, "Tabaka la makaa lina urefu gani?" Kijana hakujua. "Nenda kaulize. Wakikwambia liko chini ya kiuno, ujue utakata mwamba kutwa." Akauliza tena kama mashine ya paa inanyonya vumbi lake, nani anasafisha kichujio, na kama kuna chama cha wafanyakazi. Hilo la chama jibu lilikuwa hapana, na Mamaw alivuta pumzi kama aliyeonja chumvi imezidi. Kisha akamwambia habari ya picha ya kifua. Mchimbaji mpya lazima apigwe picha mwanzoni, na tena baada ya miaka mitatu. Baada ya hapo ni hiari, bure, kila baada ya miaka mitano hivi. Wanaume wengi wanaacha zile za hiari, wakiogopa kazini wakijua watawatafutia sababu ya kuwaachisha, ingawa sheria inamkataza mwajiri kuyaona majibu na inampa mwenye dalili haki ya kuhamishiwa sehemu yenye vumbi dogo bila kukatwa mshahara. "Za lazima watakupiga wao," Mamaw alisema. "Za hiari nitakuendesha mimi kwa gari langu."

Amemaliza mafunzo ya saa 80 ambayo West Virginia inadai, na amepewa kofia nyekundu, ambayo kila mgeni mgodini anaivaa miezi sita ya kwanza ili wakongwe wamwone gizani na kumwangalia. Wamempanga zamu ya jioni. Ijumaa ya kwanza ya mshahara Mamaw alimpigia simu, akamwambia alete karatasi.

"Hakuna karatasi, Mamaw. Siku hizi inaingia kwenye simu."

"Basi nunua printa," Mamaw akasema, "na penseli."